Kompyuta Iliyovikwa Buibui

Kiwanda kimetangaza, katika ukurasa wa nne wa kijitabu kinachofuatana na mashine, kwa lugha tisa ambamo Kiswahili hakimo, kwamba kompyuta hii ya kupakata imeundwa mahsusi kwa ajili ya msafiri. Diski iliyomo ndani yake, ambamo kila kitu huhifadhiwa, imepimwa na wataalamu na ikathibitika kuhimili mitikiso ya barabara, mitetemo ya ndege na anguko la kutoka kimo cha meza ya ofisi. Mwenye mashine anahakikishiwa kwamba anaweza kwenda nayo popote atakapo, bila ya wasiwasi na bila ya uangalizi maalumu. Kijitabu kinaongeza, kwa maandishi madogo zaidi, kwamba joto la mahali lisizidi nyuzi thelathini na tano. Unguja, mwezi wa Februari, hizo tunaziita asubuhi.

Bahiya binti Seif, wa Mkunazini, alikisoma kijitabu hicho kwa Kiingereza siku mashine ilipofika kutoka Dubai, akaamini nusu yake. Nusu ya pili aliiachia tahadhari. Alikuwa na sababu: kazi yake haikuwa na nafasi ya kukosea mara mbili.

Kazi yenyewe aliirithi kwa njia ya kupinda. Marehemu baba yake, Seif, alikuwa na studio ya picha kwenye kichochoro cha nyuma ya soko, yenye pazia lililochorwa chemchemi na tausi wawili wasiofanana. Alhamisi alasiri ilikuwa siku ya wanawake. Siku hiyo Seif aliitega kamera, akampisha mkewe, akatoka akakaa barazani na kuupa mlango mgongo. Kutoka huko alikuwa akipiga kelele: "Msogeze kushoto! Mwanga uko wapi? Haya, bonyeza!" Kusafisha filamu, mkewe ndiye aliyeingia chumba cha giza, Seif alikaa nje na saa yake ya mkono akimhesabia. Mji mzima ulikubali kwamba hapakuwa na mpiga picha wa wanawake aliyemshinda Seif, na kwamba Seif hakupata kuona hata moja katika picha hizo.

Mwaka 1985 kaka yake Bahiya aliyeko Maskati akaleta kamera ya video yenye uzito wa mwana mbuzi. Studio ilikuwa imeshafungwa. Bahiya akaitia kamera begani, na tangu hapo hakuna harusi ya maana, upande wa wanawake, iliyokwenda bila yeye. Alikuwa na mikono isiyotetemeka na mdomo usiofunguka, na kati ya viwili hivyo watu walimwajiri kwa ajili ya hicho cha pili.

Kisha, katika miaka ya tisini, kukatokea fedheha. Kanda ya harusi moja, iliyotengenezwa na duka la mjini ambalo halipo tena, ilivuja ikafika mtaa wa Ng'ambo, na huko ikaoneshwa kwenye baraza moja mbele ya wanaume waliokuwa wakila urojo. Bwana mmoja akamwona mkewe anacheza ngoma mpaka chini, jambo ambalo mkewe alikuwa akimwambia siku zote kuwa halijui. Ndoa haikuvunjika, lakini bwana yule, kwa mujibu wa majirani, alikuwa na maswali.

Tangu siku hiyo akina mama wa mji wakaweka sharti, na Bahiya akalifanya ndiyo sifa ya kazi yake. Harusi ikishahamishwa kutoka kwenye kanda kuingia kwenye mashine, kanda inafutwa pale pale, mbele ya mama wa bibi harusi. Picha zinabaki mahali pamoja tu, kwa mtu mmoja tu, mpaka sidii itakapotengenezwa na kukabidhiwa mkononi. Sharti lilikuwa zuri. Lilikuwa na upungufu mmoja: mahali pamoja penyewe palikuwa ni diski ya msafiri.

Kwa hivyo Bahiya aliilea. Alishona mto wa sufi kwa kipimo cha mashine, akaufunika foronya ya khanga, na kila safari aliipakata juu ya mto huo kuanzia mlangoni kwake hadi mlangoni kwa watu, Jambiani, Makunduchi, kokote. Dereva wake alikuwa Masoud, aliyepata kuendesha gari za shamba na sasa alikuwa na teksi. Masoud alikuwa akifika kwenye shimo anasimama kabisa, anatazama kioo cha nyuma, anauliza, "Mtoto kalala?" Bahiya akijibu kalala, gari inashuka shimoni taratibu kama mtu anayeingia maji ya baridi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka 2004, Bi Kawthar wa Malindi alipomwoza binti yake wa pekee, Maha.

Bi Kawthar alikuwa mjane wa makamo aliyekwisha kuyapita makamo bila ya kuyatambua, mwenye nyumba ya ngazi nyingi na sauti ya kuzitosha. Maha aliolewa na kijana ambaye kwao ni Mkokotoni, akifanya kazi Maskati, na Alhamisi wangesafiri wote wawili kwenda huko. Jumapili ilikuwa sherehe ya wanawake kwa upande wa mume, huko Mkokotoni. Bahiya alichukua picha kuanzia adhuhuri: wanawake wa Malindi wanaingia, wanawake wa Mkokotoni wanawapokea, pande mbili zinatazamana mavazi kwa heshima kubwa na jicho la pembeni, Maha anatolewa, anakalishwa kwenye kiti cha harusi kilichopambwa asumini, anainamisha macho.

Halafu umeme ukakatika.

Hilo lisingekuwa neno, kwani sherehe ilikuwa inakwisha. Lakini kuihamisha kanda kuingia kwenye mashine huchukua muda ule ule wa kanda yenyewe; saa ya harusi ni saa ya kuhamisha. Bahiya alikuwa amekusudia kuifanya kazi hiyo pale pale, penye umeme na feni. Sasa hapakuwa na kimoja.

"Tuifanye mjini, Bi Kawthar," akasema. "Kanda nnayo mimi mkobani."

"Kanda ikae mkobani mwako, tupite nayo njia nzima? Tukipata ajali, watu wakaja kutuokoa, watakuta nini?"

"Watatukuta sisi."

"Na mwanangu kichwa wazi ndani ya kanda. Hapana. Kimashine chako hicho si cha safari? Ulinambia mwenyewe. Kifanye kazi safarini."

Ni kweli Bahiya alimwambia mwenyewe. Alimtafsiria ukurasa wa nne. Akaiunga kamera na mashine kwa waya, betri kwa betri, akaipakata juu ya mto wake wa sufi, akakaa nyuma pamoja na Bi Kawthar. Masoud akaondoka.

Hawajafika mbali, Bi Kawthar akaona kitu.

"We Masoud. Kioo chako hicho kinatazama wapi?"

"Nyuma, Bi Kawthar. Ndiyo kazi yake."

"Kigeuze."

"Nikikigeuza ntajuaje gari inayokuja nyuma?"

"Itapiga honi."

Masoud akakigeuza. Kuanzia hapo hadi mjini alikuwa akiona kidevu chake mwenyewe, na baadaye alikiri kwamba hakupata kujua kuwa ana kovu pale.

Lakini walipofika Mahonda gari ilipunguza mwendo, na wauza miwa wakaja madirishani na vifungu vyao. Kioo cha mashine kilikuwa wazi, na ndani yake shangazi zake Maha walikuwa wakicheza. Bi Kawthar akatoa khanga akaitandaza juu ya mashine kama mtu anayefunika sinia. Akatazama. Khanga ilikuwa nyepesi, mwanga ulipenya, na shangazi mmoja alionekana mpaka viuno. Akaongeza ya pili. Bado hakuridhika. Akatia mkono kwenye mkoba wake wa safari, akatoa buibui lake la akiba, jeusi, zito, la kitambaa cha zamani, akaivisha mashine yote, akakunja pindo chini ya mto pande zote nne.

"Haya," akasema. "Sasa na yeye ametulia."

"Isije ikapata joto, Bi Kawthar."

"Mie nshalivaa buibui miaka mingapi, nimekufa?"

Hoja hii haimo katika kijitabu. Wataalamu wa kiwanda waliiangusha mashine, waliitikisa, waliirusha angani. Hakuna aliyefikiria kuistiri. Chini yake sufi iliyoziba matundu yote ya kutolea hewa, juu yake khanga mbili na buibui, na mchana wa Februari ukipiga paa la gari. Shimoni Masoud alishuka taratibu kama kawaida yake. Diski haikutikisika hata kidogo. Ilikuwa inapikwa.

Walifika Malindi wakaipandisha ngazi ikiwa bado imejifunika, kwa kuwa ngazini mlikuwa na wanaume wanarudisha masufuria. Ukumbini Bahiya akainua pindo la buibui akachungulia. Kazi ilikuwa imekwisha, na yote yamo: alimwona Maha amekaa kitini, ameinamisha macho. Akamwonesha Bi Kawthar kwa mbali, mara moja tu, kwa kuwa wajukuu wa kiume wa jirani walikuwa wanapita. Pindo likashushwa. Mashine ikabaki inawaka juu ya mto wake.

Sasa ikaja zamu ya kufuta kanda. Kanda haifutwi kwa kupanguswa. Huandikiwa kitu kingine juu yake. Bahiya akafunika jicho la kamera kwa kizibo chake, akaiweka ichukue picha, na kamera ikaanza kuandika giza juu ya harusi. Bi Kawthar akavuta kiti akakaa mbele ya kile kioo kidogo cha pembeni ya kamera, akalitazama giza lile kutoka mwanzo hadi mwisho, bila ya kuondoa macho.

"Giza hili ni la sasa hivi au la zamani?" aliuliza katikati.

"La sasa hivi, Bi Kawthar."

"Haya."

Giza likaisha. Bahiya akalivua buibui.

Mvuke wa joto ukamjia usoni kama wa chungu kilichofunuliwa. Kioo kilikuwa cheusi, na katika weusi ule mlikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza. Ndani ya mashine kulikuwa na mlio, ka, ka, ka, wa mtu anayetafuna bisi bila ya haraka.

"Inasema nini?" akauliza Bi Kawthar.

Bahiya alisoma mara mbili. "Inasema haioni diski."

"Haioni vipi? Si tumetoka nayo Mkokotoni?"

Bahiya akaizima, akaiwasha, akaizima tena. Ka, ka, ka. Akaeleza, kwa sauti ambayo Masoud aliyekuwa ngazini hakuitambua, kwamba harusi imo ndani ya diski na diski imegoma. Na kwamba kanda, kama Bi Kawthar alivyoona kwa macho yake mwenyewe, ina giza.

Zilitarajiwa kelele, na jirani wa chini inasemekana alikwisha kufunga dirisha. Kelele hazikuja. Bi Kawthar alikaa tu na buibui lake mapajani.

"Mimi sikuiona," akasema.

"Hukuiona nini?"

"Harusi. Mwanangu anakalishwa kitini, mie niko uani nnagombana na wapishi niliokwenda nao, chungu cha pili kimeungua. Wananiita, Bi Kawthar njoo, Maha anatolewa. Nikasema nendeni, mie ntamwona kwa Bahiya." Akalikunja buibui. "Alhamisi anaondoka. Nimekwambia sikuiona?"

Alikuwa hana desturi ya kusema jambo mara mbili. Bahiya akainuka akaichukua mashine, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, akausahau mto.

Mafundi wa kompyuta walikuwa wachache Unguja wakati huo, na wote walikuwa wanaume. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Harusi ikipotea, Bahiya atakuwa amepoteza harusi. Harusi ikipatikana mbele ya macho ya fundi, Bahiya atakuwa amepoteza kazi, na akina mama wa mji watarudi kuhadithia urojo.

Alikwenda kwa Thuwaini, aliyekuwa na chumba kimoja Ng'ambo, na matumbo ya kompyuta yamening'inia ukutani kama nyama buchani. Thuwaini alikuwa kijana wa maneno mengi. Akaisikiliza mashine.

"Hii imeungua jua?"

"Imeungua heshima," akasema Bahiya. "Inapona?"

"Niachie mpaka Jumamosi. Ntaitoa diski, ntaiunga na nyingine, ntafungua nione kilichomo kimebaki kiasi gani."

"Huwezi kuona."

"Naweza, nna programu yake."

"Huruhusiwi, Thuwaini. Mna wanawake wa watu humo."

Thuwaini akaweka bisibisi chini. "Bi Bahiya, mtu wa kung'oa meno unamwambia asitazame kinywa?"

"Marehemu baba yangu alipiga picha miaka mingi hajaona hata moja. Akikaa barazani akipiga kelele. Wewe una sauti, sijakusikia ukiikosa."

Thuwaini akacheka, halafu akaona kwamba Bibi huyu hafanyi mzaha. Akajikuna kichwa. Akasema iko njia moja, lakini hana uhakika nayo: diski iliyokufa kwa moto, wengine huigandisha. Inatiwa ndani ya mfuko wa plastiki, inalazwa kwenye friza, na ikitoka na ubaridi wake huamka kidogo, mtu akawahi kunakili kilichomo kabla haijapata joto tena.

"Umewahi kufanya?"

"Nshagandisha samaki."

"Na samaki aliamka?"

"Bi Bahiya, nawe!"

Kuna mtu alimwona Bahiya akirudi mjini jioni ile, na alichosimulia ni kwamba mashine ilikuwa ndani ya mkoba wa ukili, wazi, haina hata leso juu, inapigwa na upepo kama mtungo wa changu.

Bi Kawthar alilisikiliza shauri zima, kisha akatoa masharti. Friza litakuwa lake. Diski ya wanawake hailali kwenye friza la mwanamme. Diski mpya ya kunakilia, itakayotiwa kwenye mashine ya Bahiya mahali pa iliyoungua, itabaki kwa Bahiya. Fundi atakuja Malindi yeye mwenyewe, atakaa nyuma ya pazia la ukumbi, na kitakachopita pazia hilo ni mikono yake miwili tu.

Kwa hivyo diski ikalala ndani ya friza baina ya mfuko wa ukwaju na changu mzima aliyeitazama kwa jicho moja. Nyumba yote ikapigwa marufuku kufungua mlango wa friza. Wenye kutaka maji ya baridi waliambiwa mtungi upo, na kwamba babu zao waliunywea na hawakufa.

Jumanne, baada ya alasiri, Thuwaini akapanda ngazi na begi lake.

"Hodi. Shikamoo, Bi Kawthar."

"Marahaba. Kaa hapo kitini, uso ukutani. Ukipiga chafya, piga huko huko."

"Naam."

Mashine ilikuwa upande wa wanawake, kioo kimewapa wao uso. Kutoka kwenye mashine ulipita waya chini ya pazia hadi kwenye kibodi iliyokuwa mapajani mwa Thuwaini. Diski ikatolewa kwenye friza ikiwa na ukungu mweupe kama embe iliyogandishwa, ikaungwa, ikawekwa juu ya sahani ya barafu. Bahiya akakaa mbele ya kioo. Alikuwa amekalia nafasi ya mama yake, na nyuma ya pazia kulikuwa na mwanamme anauliza mwanga uko wapi.

"Inasema nini, Bi Bahiya?"

"Inauliza kama una hakika."

"Hakika ya nini?"

"Haikusema. Inauliza hakika tu."

"Mwambie ndiyo."

"Wewe ndiye mwenye kibodi."

"Ah. Haya, nshamwambia."

Mlio wa kutafuna bisi ulianza, ukasita, ukanyamaza. Halafu mstari mwembamba wa buluu ukaanza kujaa kutoka kushoto. Kulikuwa na kinamama watano pale ukumbini, wote waliokuja kumsaidia Bi Kawthar kulinda, na wote wakasema "Ah!" kwa pamoja. Thuwaini nyuma ya pazia akaruka. "Kuna nini? Kuna nini?"

"Inakwenda," akasema Bahiya.

Ilikwenda mpaka ikaanza kupata joto, ikatafuna, ikasimama. Ikarudishwa kwa changu. Watu wakanywa chai. Sahani ya visheti ikapitishwa chini ya pazia, ikarudi tupu kwa kasi iliyozua maneno. Ikatolewa tena, ikaenda kidogo zaidi, ikarudishwa. Maha mwenyewe, ambaye alikuwa chumbani anafunga masanduku, alikuwa akitokeza kichwa kila mara na kuuliza, "Mie nishatoka?" naye akijibiwa kwamba bado, kwanza ni mstari tu.

Mstari ukajaa.

"Sasa fungua usikilize kama inacheza," akasema Thuwaini. "Picha tazameni nyinyi. Mie niambieni tu kama inakwama."

Bahiya akafungua. Picha ikatokea, safi. Na pamoja na picha ikatokea sauti, kwa nguvu zake zote, jambo ambalo katika masharti yote ya Bi Kawthar lilikuwa halikutajwa. Ngoma zililia, vigelegele vikajaa ukumbi. Kisha, karibu kabisa na kamera, sauti ya mwanamke mtu mzima, mwenye kitu mdomoni:

"Mkwe wangu? Huyo fundi? Fundi wa nini! Kompyuta za watu anazifufua, kwake feni imeanguka tangu Mfunguo Mosi iko sakafuni. Mwanangu akifagia anaipitia pembeni kama kaburi la walii."

Macho yote ya ukumbini yakageukia pazia. Sauti ile kila mtu aliitambua, na Thuwaini kabla ya wote: ilikuwa ya Bi Mwamvua, mama wa mkewe, ambaye alialikwa kwa upande wa Malindi na akaenda.

"Bi Bahiya," akasema Thuwaini taratibu. "Punguza sauti."

"Sioni kitufe chake."

"Kiko upande wa kulia."

"Kiwache," akasema Bi Kawthar. "Nnataka kusikia."

Bi Mwamvua akaendelea, juu ya feni, juu ya bomba la jikoni, juu ya ahadi, na juu ya pilau ambayo kwa maoni yake ilikuwa na harufu ya kuungua. Hapo Bi Kawthar akasema basi, punguza.

"Ile feni," ikasema sauti ya nyuma ya pazia, "nshaiagizia kifaa chake."

Kinamama watano wakacheka mpaka mmoja akalazimika kushikwa. Na katikati ya kicheko hicho picha kiooni ikabadilika, na Maha akatokea, anashikwa mikono na wawili, anapelekwa kwenye kiti cha asumini.

Bi Kawthar akavuta kigoda. Maha alikaa, akatengenezwa nguo, akainamisha macho, na mara moja, kwa kitambo kidogo, akayainua akatazama mlango wa uani kama mtu anayemtafuta mwenzake, halafu akayashusha tena.

"Rudisha," akasema Bi Kawthar.

Bahiya akarudisha. Maha akatolewa tena, akakaa, akatazama mlango wa uani.

"Alikuwa ananitafuta mimi."

"Ndiyo, Bi Kawthar."

"Na mie nnagombania chungu." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Rudisha."

"Imekwama?" akauliza Thuwaini kwa wasiwasi.

"Haijakwama," akajibiwa. "Kaa na ukuta wako."

Si yote yaliyopatikana. Sehemu moja ya katikati iliungua kabisa, nayo ilikuwa ni ile ya shangazi za bwana harusi wakiingia kwa mbwembwe. Bi Kawthar alipoarifiwa aliuliza kama hakuna kingine kilichopotea, akaambiwa hakuna, akasema Mungu ana hekima zake.

Ikabaki kutengeneza sidii moja, kama ilivyo desturi, kisha kufuta. Bahiya akauliza kama kawaida: "Nakala moja, Bi Kawthar?"

Bi Kawthar akafikiri.

"Moja ya Maskati," akasema. "Moja yangu. Na moja ya akiba."

"Ya akiba ikae wapi?"

"Kwenye friza."

Alhamisi Maha akasafiri. Jana yake, Jumatano, kabla ya Isha, mtaa mzima ulisikia Thuwaini akigonga dari kwa nyundo, na mkewe akimwambia ashuke, imeshatosha, inazunguka. Bi Mwamvua alikwenda kuitazama. Alikaa chini yake muda mrefu, akasema upepo wake si mbaya, ila inapiga kelele.

Bahiya aliendelea na kazi yake miaka mingi baadaye, kwa mashine ile ile na diski ile mpya. Hakupungukiwa na harusi. Kinyume chake, habari ya pazia ilimzidishia, na Thuwaini akawa anaitwa majumbani kukaa uso ukutani mara nyingi kuliko alivyopenda. Mto wa sufi aliupa paka. Mashine ilisafiri ndani ya mkoba wa ukili, juu ya ubao mtupu, kichwa wazi, imezimwa, na Masoud akiendelea kuuliza shimoni kama mtoto kalala. Kioo chake cha nyuma hakukirudisha tena sawasawa.

Kijitabu cha kiwanda hakikutupwa. Sakafu za nyumba za Mkunazini ni za zamani na haziko sawa, na meza ya Bahiya ya kufanyia kazi ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Kijitabu kimekunjwa mara nne, ukurasa wa nne ukiwa juu, na kimetiwa chini ya mguu huo, ili mashine isitikisike.